Kikao cha Kumtoa Bi Harusi Uani

KAMATI YA KUTUNZA NA KULINDA PIKAPU YA FAMILIA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA

Zimeandikwa na Katibu, mtu ambaye pasipo yeye pikapu ya umri huu isingekuwa na milango yote miwili popote pale jua linapofika.

Siku: Alhamisi, kuelekea Jumamosi inayotajwa humu ndani.
Mahali: Uani kwa Mwenyekiti, ubavuni mwa pikapu, pikapu ikiwa imeutazama ukuta wa nyuma na mkia wake umeelekea getini.
Kuanza: Saa tisa alasiri kwa saa ya Katibu, ambayo ndiyo inayoaminika.

WALIOHUDHURIA
1. Dada Mkubwa: Mwenyekiti, mwenye ua
2. Mdogo wake wa kiume: Katibu, mmiliki wa pikapu, mshauri mkuu wa injini
3. Mke wa Katibu: Mjumbe
4. Shemeji, kaka wa Mke wa Katibu, fundi wa kuchomelea mageti: Mjumbe
5. Mpwa, binti wa Mwenyekiti, fundi cherehani: Mjumbe

ASIYEHUDHURIA
Jirani Kinyozi, aliyetuma udhuru kwamba mambo yote atayasikia akiwa kwake, upande wa pili wa ukuta. Aliyasikia.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuuliza kama safari hii Katibu amekuja na kalamu yake mwenyewe. Katibu alijibu kwamba amekuja nayo. Mwenyekiti aliagiza maneno ya wajumbe yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa sababu katika kikao cha sita yeye alisema, "Gari hili ni takataka," na kwenye kumbukumbu akakuta, "Mwenyekiti alitoa maoni kuhusu usafi wa mazingira." Katibu alieleza kwamba alikuwa anafupisha. Mwenyekiti alisema, "Leo refusha."

KUMB. NA. 2/7: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Ilikumbushwa kwamba Katibu aliahidi kumtoa Bi Harusi apeleke kabati la Mwenyekiti kwa seremala. Kwa faida ya msomaji mgeni, Bi Harusi ndiyo pikapu yenyewe. Ana miaka thelathini na mmoja. Jina hilo alipewa na Kinyozi kwa kejeli, kwa kuwa huu ni mwaka wa tatu anashinda amefunikwa gubigubi na hatoki nje. Katibu alilipokea kama sifa.

Mwenyekiti aliuliza kabati limefika wapi. Katibu alieleza kwamba siku ile jua lilikuwa kali, na jua hupasua dashibodi. Aliulizwa kuhusu wiki iliyofuata. Alieleza kwamba ilinyesha, na mvua huleta kutu. Wiki ya baada ya hapo palikuwa na upepo, na vumbi ni adui wa kabureta.

"Na juzi?" aliuliza Mwenyekiti.

Katibu alieleza kwamba juzi palikuwa na mawingu, na mawingu hayaaminiki.

Shemeji aliomba kujua gari hili hasa liliundwa kwa ajili ya hali ya hewa ya wapi. Wajumbe walicheka. Katibu hakucheka kwa kuwa alikuwa anaandika.

KUMB. NA. 3/7: TAARIFA YA MATUNZO

Katibu alisoma taarifa yake akiwa amesimama. Alieleza kwamba chesisi imepakwa oili chafu, iliyochujwa kwanza kwa kitambaa. Vichwa vya betri vimepakwa grisi. Magurudumu yamevalishwa magunia yasiungue na jua. Kila Jumapili asubuhi injini huwashwa kwa robo saa huku Katibu akiwa ameegesha sikio kwenye boneti kama daktari. Siku ya kuoga, Bi Harusi hupakwa shampuu wala si sabuni ya unga, kisha hufunikwa hapo hapo kabla vumbi halijamuona.

Mke wa Katibu aliuliza ni shampuu ya nani. Katibu alisema taarifa haikufika huko.

Kwa ajili ya historia, Katibu aliongeza habari za daraja. Siku hiyo alikuwa amepakia ng'ombe wawili na timu nzima ya mpira pamoja na kipa wa akiba, mto umefurika, maji yanagonga vioo. Katikati ya daraja jembamba alikutana na lori la mchanga uso kwa uso. Dereva wa lori alimtazama Katibu machoni, akatambua anashughulika na mtu wa aina gani, akarudi nyuma daraja zima mpaka ng'ambo.

Shemeji alisema safari iliyopita ng'ombe alikuwa mmoja. Katibu alieleza kwamba yule mmoja alikuwa na mimba.

KUMB. NA. 4/7: OMBI LA MPWA

Mpwa alieleza kwamba amepata chumba cha kushonea karibu na soko, dirisha linatazama barabara. Miaka yote hii anashonea kwenye korido ya mama yake, ambako mteja hupimwa kiuno huku watu wanapita na ndoo. Mama mwenye nyumba amempa mpaka Jumamosi awe ameingiza cherehani na meza ya kukatia. Asipoingiza, funguo anapewa msusi. Msusi ameshakuja kukitazama chumba mara mbili, na mara ya pili alikuja na pazia.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini vitu havijapelekwa kwa mkokoteni. Mpwa alimtupia Katibu jicho.

"Sema, mwanangu. Mjomba wako hang'ati."

Mpwa alisema mwenye mkokoteni alifika Jumatatu asubuhi kama walivyoagana, ila Mjomba alimsimamisha getini. Kwa agizo la Mwenyekiti, maneno ya Katibu pale getini yanaandikwa yote: "Mpwa wangu ahame kwa mkokoteni, mimi mjomba wake nina pikapu? Watu watanionaje? Nenda kapakie vitunguu, bwana." Mwenye mkokoteni alikwenda kupakia vitunguu, na kazi hiyo imemshika mpaka wiki ijayo.

Katibu alieleza kwamba aliyasema hayo kwa upendo.

Mpwa alisema, "Najua, Mjomba. Lakini msusi ana pazia."

Mwenyekiti alitoa hoja kwamba Bi Harusi asipotoka uani kabla ya Jumamosi, akabidhiwe Shemeji amkate vipande. Shemeji aliunga mkono hoja kabla haijaisha. Iligundulika kwamba alikuja kikaoni na futi mfukoni. Alisema ubavu mmoja tu wa bodi unatosha geti dogo, na bampa linafaa kuwa komeo la mtu anayejipenda.

Kura zilipigwa. Walionyoosha mkono kukubali ni watatu. Mpwa hakunyoosha, alisema anachotaka yeye ni chumba, si gari la mjomba wake likatwe. Aliyepinga ni Katibu, aliyenyoosha mikono yote miwili, ikahesabiwa mmoja. Hoja ilipita.

Katibu aliomba ruhusa akanywe maji. Alirudi.

KUMB. NA. 5/7: UKAGUZI

Turubai lilivuliwa. Chini ya turubai kulionekana shuka. Mke wa Katibu alisimama.

Hilo ni shuka la maua ya zambarau lililotafutwa mwaka mzima, na kwa ajili yake mama mmoja wa nyumba ya pili hasalimiwi mpaka leo. Katibu alieleza kwamba turubai ni gumu, bila shuka lingekwaruza rangi.

"Baba watoto," alisema Mke wa Katibu, "na mimi ninayelalia godoro tupu, rangi yangu haikwaruziki?"

Swali hilo liliahirishwa.

Mpwa aliinua zulia la miguu upande wa abiria. Mahali ambapo kutu imekula sakafu palikutwa sinia la jikoni lenye picha ya jogoo mwekundu, limekazwa kwa skrubu nne, kazi safi. Mke wa Katibu alimwita Mwenyekiti: "Wifi, njoo uone. Sinia tulilomsingizia mdogo wako wa mwisho kwamba kaliiba, tunalikanyaga."

Shemeji alipitisha kidole juu ya gurudumu la nyuma. Rangi ilibanduka kama ganda la yai, na chini yake kutu. Alieleza kwamba gari likioshwa na kufunikwa bado bichi, maji hubaki humo humo yakitafuna bati. "Shemeji, hukumfunika huyu. Umempika kwa mvuke."

Katibu alikubaliana na nusu ya maelezo hayo. Kwa ndani alikubali yote, na roho ilimuuma.

KUMB. NA. 6/7: KUWASHWA NA KUTOKA

Katibu alipanda na kuweka ufunguo. Shemeji alikuwa ameshaikunjua futi. Bi Harusi aliwaka papo hapo, bila kukohoa, akanguruma kwa utulivu. Iandikwe kwamba Mwenyekiti mwenyewe alisema, "Loo!" Iandikwe pia kwamba futi ilirudi mfukoni. Katibu alihutubia wajumbe kupitia dirishani kwa muda.

Mwenyekiti alimkatiza. "Haya. Jua limepoa, mvua hakuna, vumbi hakuna, mawingu siyaoni. Mtoe, tupakie leo leo."

Katibu alirekebisha kiti. Alirekebisha kioo cha kati, kisha cha pembeni, kisha kile cha kati tena. Alipiga honi. Alishuka, akapiga teke gurudumu, akapanda. Alieleza kwamba giaboksi inahitaji kupata moto. Mke wa Katibu alisema yeye mwenyewe ameshapata moto, anayesubiriwa ni nani?

Hapo Mwenyekiti aliutazama ukuta, akalitazama geti, akasema polepole: "Ngoja kwanza. Zamani ulikuwa unaingia kwa mbele na kutokea njia ya nyuma, kila siku, mpaka nakuomba upumzike. Nikajenga huu ukuta, nikaziba njia ya nyuma, gari likiwa humu ndani. Na ni tangu hapo gari lako limeanza kuogopa jua."

Katibu alikanyaga klachi na kuingiza gia. Bi Harusi alisogea, ila kwa mbele, akaangusha beseni la nguo zilizokwisha kusuuzwa, akaugonga ukuta kwa adabu.

Sauti ya Kinyozi ilitoka upande wa pili: "Katibu! Huku ni kwangu! Geti liko mgongoni kwako!"

Hakuna mjumbe aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Mpwa alikuja dirishani. Alisema kwa sauti ya chini maneno ambayo Katibu anayaandika bila kuagizwa na mtu: "Mjomba, shuka uniongoze. Peke yangu sitaliona geti vizuri." Mpwa huyu aliwahi kuendesha gari la kusambaza mikate, akiingia na kutoka vichochoro vyote vya mtaa. Geti analiona kuliko sisi sote. Katibu alishuka.

Bi Harusi alitoka kwa mkupuo mmoja. Katibu alisimama nyuma akipunga mikono na kupaza sauti, "Njoo, njoo, njoo, kata kulia, njoo!" Kila neno Mpwa aliliitikia, "Sawa, Mjomba," ingawa kulia palikuwa na nguzo na yeye akakata kushoto.

Cherehani ilifungwa kwa shuka la maua isikwaruzike njiani, na safari hii Mke wa Katibu ndiye aliyelitoa kwa mikono yake. Meza ya kukatia ilipakiwa miguu juu. Katibu alikaa nyuma ameishikilia, akawapungia watu njia nzima kama aliyeshinda uchaguzi. Giza lilikuwa bado kuingia cherehani ilipowekwa chini ya dirisha. Funguo Mpwa amezitia kwenye uzi na kuzivaa shingoni. Msusi alikutwa mlangoni na pazia lake. Walitazamana. Mpwa alimuuliza kama anataka lipindwe, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chumba kile.

Iliazimiwa:
Bi Harusi hakatwi. Ataoshwa, atakaushwa, na atatoka kila wiki, jua liwake, mvua inyeshe.
Keshokutwa anapeleka kabati kwa seremala.
Shemeji ataziba sakafu kwa kipande cha bati, na atajizuia kupima sehemu nyingine.
Sinia lirudi jikoni. Mke wa Katibu alipinga azimio hili, akasema kilichokwisha kuwa sakafu kibaki sakafu.

KUMB. NA. 7/7: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na mbili na nusu jioni, baada ya pikapu kurudi, kwa kusema kila mtu aende kwake isipokuwa Katibu, ambaye abaki azifue upya zile nguo.

Katibu: (sahihi)

Mwenyekiti: hajatia.

NYONGEZA

Katika rasimu ya kwanza, KUMB. NA. 6/7 ilisomeka kwamba Katibu hakuendesha "kwa sababu za kiufundi." Mwenyekiti ameirudisha karatasi. Amesema hatii sahihi mpaka sababu yenyewe iandikwe kwa mkono wa Katibu, tena kwa herufi za kusomeka. Shemeji amesema sasa ndiyo anaelewa kwa nini pale darajani lililorudi ni lori. Mpwa amesema, "Mama, iache tu." Lakini Mwenyekiti amekaa, kalamu mkononi, wala haonyeshi dalili za kusikia usingizi.

Basi. Katibu hajui kurudisha gari nyuma.

Mwenyekiti: (sahihi)