Risasi ya Sikio la Babu

Chumba cha nyuma,
nyumbani kwa kaka yako,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako limepatana na ngazi za huko, au bado mnagombana? Mama anasema ukimeza dawa nusunusu, goti nalo litapona nusunusu. Huku sote wazima. Baba kaongeza tumbo, ila hatulitaji mbele yake.

Safari hii sikuagizwa na mtu kukuandikia, kwa hiyo ujue kuna jambo. Tafadhali soma ukiwa umekaa, tena peke yako.

Jana tulikwenda makumbusho ya vita. Askari wastaafu walialikwa waheshimiwe, na kila mmoja alitakiwa atambulishwe jukwaani na mjukuu wake. Babu alinichagua mimi! Mimi ambaye muuza duka akinirudishia chenji pungufu, namwambia asante. Baba akajaribu kumwonya. "Mzee, huyu si ndiye tunayemwita Kimya? Mchukue mdogo wake, mdomo wake hauna breki." Babu akajibu, "Yule ataongeza chumvi. Namtaka huyu."

Nikaandika hotuba. Nilianza kwa ile lugha ya shuleni, kisha nikaihamishia Kiswahili, nikagundua kwamba nina lugha mbili na woga mmoja unaozitosha zote. Habari yenyewe unaijua kuliko mimi, umekua nayo: Babu yuko mstari wa mbele, risasi inakuja, inachukua ncha ya sikio la kushoto, na yeye anaigeukia na kuiambia, "Umekosa." Niliikariri bafuni mpaka mdogo wangu akagonga mlango, akauliza kama risasi imeshapita ili naye aoge.

Makumbusho ni jumba refu, sakafu inang'aa hadi unaona aibu kuikanyaga. Kofia za chuma zimepangwa ndani ya makabati ya kioo, na katikati kuna kifaru kilichozungushiwa kamba, kama vile kitatoroka. Mdogo wangu akamwuliza mwongozaji kama kifaru kina honi. Mwongozaji, kijana mwenye koti lililomzidi mabega, akasema hajawahi kuulizwa hilo, akaenda kuuliza. Alipogeuka tu, mdogo wangu akapita chini ya kamba. Baba na Mama wakamkimbilia. Tukabaki Babu na mimi, mbele ya picha za kikosi chake.

Hapo ndipo alipotokea mzee mmoja mwenye fimbo na bereti, sauti yake ikajaza ukumbi. "Kinyozi! Bado uko hai, mchinja watu wewe?"

Babu akajifanya anasoma maelezo ya picha. Shangazi, hakuwa hata na miwani.

"Huyu mjukuu wako? Mwanangu, huyu ndiye kinyozi wetu wa kikosi! Na hilo sikio? King'ora kililia akiwa anajinyoa mwenyewe, akaruka, wembe ukabaki na kipande. Tulimwambia kinyozi hajinyoi, hakusikia!" Akacheka hadi fimbo ikaanguka. Nilipomwokotea, alikuwa ameacha kucheka. "Lakini nikwambie kitu. Kila tulipotakiwa kwenda mbele, tulipanga foleni kwake. Si kwamba nywele zilikuwa ndefu. Tulikuwa tunatetemeka, na mkono wake ulikuwa hautetemeki. Ukitoka pale, umetulia. Hata kamanda alikuja akainamisha kichwa."

Akaondoka zake. Babu hakunitazama. "Utasema kama ulivyoandika?"

"Sijui, Babu."

"Haya."

Sasa ona nilivyobanwa. Ningesema risasi, wazee wa kikosi wangeangua kicheko mbele ya watu wote. Ningesema wembe, nyinyi watoto wake mngemcheka mpaka siku ya kufa. Mjukuu aliyenitangulia alisahau jina la babu yake. Wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Zangu zilikuwa zimeshalowa, kwa jasho.

Nikapanda. Nikanyamaza, tena sana, mwongozaji akaja kugonga kipaza sauti akidhani kimekufa. Babu akaninong'oneza kutoka mstari wa kwanza, na unajua ananong'ona kama anayeita mtu ng'ambo ya mto: "Risasi! Anza na risasi!" Wazee wote wakashikwa na kikohozi kwa pamoja.

Nikaikunja karatasi. Nikasema Babu yangu alikuwa kinyozi wa kikosi. Kwamba kabla ya kwenda mbele askari waliketi kwake mmoja mmoja wakitetemeka, wakainuka wametulia. Kwamba sisi wajukuu ametunyoa tangu tunazaliwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza alijifunzia wapi. Basi. Sikio sikuligusa. Nikashuka.

Kisha yule mzee wa fimbo akavua bereti yake. Wa pili akavua, wa tatu, mstari mzima. Shangazi, vilikuwa vipara vitupu, vinang'aa kushinda sakafu! Mmoja akapaza sauti, "Kinyozi, umetumaliza!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko na makofi. Babu akasimama, akawapigia saluti, mashavu yamelowa, na sijui kama alikuwa analia au anacheka. Mama nilijua: alilia, akapenga kamasi kwenye ratiba ya sherehe.

Ndani ya gari Baba akauliza, "Mzee, kumbe kinyozi! Sasa ile risasi?"

"Kwani risasi huuliza kazi ya mtu?" Babu akajibu. Baba akatikisa kichwa kwa heshima, akaendelea kuendesha.

Nikalala nikijua nimemuudhi Babu. Leo asubuhi akaniita uani, akaniweka kwenye kile kigoda chake, akaanza kunipunguza nywele. Mkono wake umetulia vilevile. Alipofika nyuma ya sikio akainama.

"Jana ulininyoa," akasema, "na hukunikata."

Nimekwambia wewe kwa sababu siri hii inanizidi uzito. Ukimpigia simu, mwulize habari za risasi kama kawaida yako, na tafadhali usicheke.

Wasalimie mumeo na binamu zangu, mkubwa na yule anayeota meno. Babu, Baba, Mama na mdogo wangu wanakusalimu. Huyo wa mwisho anasema honi ipo, aliibonyeza. Mungu akulinde, na alikumbuke goti lako.

Ni mimi nikupendaye, kwa wazi na kwa siri,
Kimya