Safu ya Mbele

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, na zikukute wewe na wenzako wa kujenga barabara mkiwa wazima. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila goti bado linamsumbua na bado hataki kuambiwa apumzike. Juzi nilimkuta amepanda kiti anafuta madirisha. Nilipomgombeza akaniuliza kama walimu wa kuwagombeza wameisha mpaka nimemhamia yeye.

Barua yako nimeipata. Unasema wifi hapokei simu zako, ukimpigia anakata kisha anakutumia ujumbe. Unasema mara ya mwisho alipopokea ulimwambia kwamba kama amekuchoka basi muachane, naye akajibu sawa, bila hata sauti kutetemeka. Umeniomba nichunguze ni nani aliyeingia kati yenu. Nimechunguza, na tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote neno.

Nianze na kazi, maana yote yamepitia huko. Unajua tangu mwaka huu uanze sifundishi watoto, ni mkufunzi wa walimu. Watu wanadhani ni ukubwa. Kumbe nakaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa kidevu, naangalia mwenzangu anavyofundisha. Kipindi kikiisha tunakaa wawili, tunaongea ni nini kimewaingia watoto na ni nini kimewapita. Hatukatizi kipindi, wala hatushiki chaki ya mtu. Shule ya wifi ikaangukia kwangu. Nilimwomba mratibu wetu anibadilishie, nikamweleza kuwa yule ni mke wa kaka yangu. Akasema afadhali, huyo angalau hatanifungia mlango.

Nilipelekwa kwa sababu watoto wa darasa lake walikuwa wameanguka vibaya katika hesabu. Mratibu alishasema atakuja mwenyewe kumwona akifundisha, na asiporidhika atamtoa darasani. Kwa hiyo nilikuwa na hofu tangu mwanzo, na mimi nikiwa na hofu unanijua, mdomo hautulii.

Nilimkuta anafundisha kizamani. Anauliza, darasa zima linajibu kwa pamoja kama kwaya, anafurahi, anaendelea. Nikamwambia kuimba jibu si kulijua, aulize mmoja mmoja. Alinitazama kama niliyemwambia aruke dirishani, kisha akasema sawa. Niliporudi alikuwa anauliza mmoja mmoja kweli, lakini mambo yaliharibika zaidi. Mtoto akisimama kujibu, yeye hamtazami. Macho yote yako kwa watoto watatu wa safu ya mbele. Nikamshauri amtazame anayejibu, ampe heshima yake. Akasema sawa tena.

Sikufichi, hapo nikaanza kuiamini barua yako. Nilimwona kama mtu ambaye mwili uko hapa na roho iko kwingine. Jioni nikipita kwake nabisha hodi mpaka vidole vinauma, redio naisikia ndani inapiga kelele, na mlango haufunguliwi. Nikasema moyoni, lisemwalo lipo. Nikanuna, nikawa namsalimia kwa nusu mdomo.

Ndipo kikaja kipindi cha hesabu za sehemu. Alikuwa amekunja karatasi vizuri, akauliza ipi kubwa, nusu au robo. Akasimama mtoto mmoja, akasema robo ni kubwa, kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Wale watatu wa mbele wakatikisa vichwa kukubali. Wifi akampongeza na darasa likapiga makofi. Nikadhani ameteleza tu, kila mwalimu huteleza. Akamwinua mwingine wa nyuma karibu yangu, binti mmoja mwenye haya sana. Yule binti alichezesha midomo, sauti haikutoka kabisa. Mimi niliyekuwa naye bega kwa bega sikusikia kitu. Wa mbele wakageuka kumtazama, wakatikisa vichwa, na wifi akamwambia hongera, keti. Kaka, hakuna mtoto hata mmoja aliyecheka. Wote walikuwa wanajua.

Watoto walipotoka alibaki anafuta ubao. Nikamwita. Nikamwita tena kwa nguvu mpaka mpita njia akachungulia dirishani, na wifi anaendelea kufuta. Nikazunguka, nikasimama mbele yake, nikamuuliza tangu lini. Kifutio kikamponyoka. Alikaa juu ya dawati akalia kama mtoto, nami nikakaa kando yake.

Alinieleza kwamba ni tangu ile homa ya mwaka jana. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata polepole. Akimwona mtu usoni kwa karibu huokota maneno mengi kwenye midomo. Kwa simu husikia mvumo tu, kama pampu ya maji inavyonguruma. Ndiyo maana alipenda majibu ya pamoja, yale angalau yalimfikia. Wale wa safu ya mbele hakuwafundisha yeye ishara zile. Walimwona anahangaika, wakaanza wenyewe kumwonyesha kwa kichwa lipi sahihi na lipi si sahihi, kwa kumpenda tu. Shida ni kwamba wale si wanaojua, ni wanaopenda kukaa mbele. Walikuwa wanabahatisha, na darasa zima likapotea nyuma yao. Na ushauri wangu wa kuuliza mmoja mmoja ndio ulizidisha hayo.

Siku iliyofuata sikukaa nyuma. Tulikata maboksi makavu vipande vidogo, tukavipaka rangi nyeusi, kila mtoto akapata ubao wake. Madawati tukayapanga nusu duara ili amwone kila mtu uso. Akauliza tena nusu na robo, wakaandika, wakainua juu kwa pamoja. Karibu wote waliandika robo. Alisimama akizungusha macho mbao zote, kisha akaniambia kwamba sasa angalau anajua wamepotelea wapi. Akachukua karatasi zake akaanza upya, safari hii kila mtoto akikunja ya kwake. Mpaka mwisho wa wiki mbao zilikuwa zinasema mengine. Sisemi kwa sababu ni wifi yangu: yule ni mwalimu.

Mwalimu mkuu amekwisha kuambiwa, na wifi ndiye aliyemwambia. Hospitali wamempima, wanasema kifaa cha sikioni kitamsaidia, ingawa usikivu wote hautarudi. Mratibu atakuja Jumatatu na atamkuta wazi, bila mchezo wa kutikisiwa vichwa. Atasema nini sijui.

Lakini kuna jambo moja aliniapisha. Alisema darasa atalipigania, ila wewe usijue. Anaamini mume aliye mbali, akisikia kuwa mke wake hasikii, atatafuta wa kuongea naye. Niliapa, Kaka, kwa jina la Mama. Na sasa kiapo hicho nakivunja, kwa sababu hakuna mtu aliyeingia kati yenu. Ni masikio tu.

Sijamaliza. Nilimuuliza kuhusu ile simu yenu ya mwisho, uliongea nini. Alisema alisikia ule mvumo wake, akakisia kwamba unamweleza likizo imesogezwa mbele kama kawaida yako, akajibu sawa asije akakuudhi. Hajui. Mpaka leo ninapoandika, mke wako hajui kwamba ulimwambia muachane.

Akaona uso wangu umebadilika. Akanishika mkono, akaniomba nimwambie ukweli, kwani mume wake alisema nini. Mimi, ambaye kutwa nawaonya walimu wasimpe mtoto jibu la uongo ili afurahi, nilimtazama machoni na nikaongea taratibu ili anisome midomo. Nilimwambia ulisema unakuja mwisho wa mwezi huu.

Nisamehe au usinisamehe, nimeshasema. Tangu hapo anafua mapazia, na jana alinionyesha gauni akaniuliza kama linamfaa. Mimi sina ubavu wa kurudi kuyafuta maneno yangu. Kama bado unayataka yale uliyoyasema, njoo uyaseme ukiwa umesimama mbele yake, polepole, ayaone yakitoka mdomoni mwako. Kwa simu hujamwambia kitu.

Mama anakusalimu sana, naye hajui lolote katika haya. Wasalimie wenzako wote wa kambini. Namwomba Mungu barua hii ikukute kabla hujafanya la kufanya.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo na mwenye hofu.