Kwa Lemuel Broadnax, Aliyewahi Kushindwa na Inzi

Ni mwaka mmoja sasa tangu kiti chako cha barazani kikose mwenyewe, Lemuel, mdogo wangu. Mkeo Verlene alitaka tangazo hili liandikwe na mchungaji, kwa maneno ya heshima. Nikamwambia kwamba mchungaji hajawahi kuinama akakupa mpira kupitia katikati ya miguu yake. Mimi nimekupa maelfu. Kalamu ikabaki kwangu.

Watu wa Tarver Bend wanakukumbuka kama mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na miwili, aliyefika shuleni kabla ya mlinzi. Ulimenya machungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, ukawagawia watoto waliokuja na njaa. Hao walikukuta umeshaiva. Sisi tulikuona mbichi.

Ulipoingia chuoni mwaka 1982, ulitaka jambo moja tu: kuwa mtupaji wa timu ya mpira wa Kimarekani, yule anayesimama nyuma yetu sisi wanene wa mstari wa mbele na kuamua mpira uende kwa nani. Mimi nilikuwa huko tayari. Goti lilikuwa limenipotezea mwaka, ndiyo maana tulikuja kumaliza pamoja. Mkono ulikuwa nao. Adabu ya mkono ndiyo haikuwepo. Uliutupa mpira kana kwamba unakuunguza, na wiki ya kwanza ukamvunja kidole Rufus Gandy, mdakaji wetu bora.

Mama yetu Ozella, Mungu amrehemu, hakujua lolote kuhusu mpira, lakini matunda aliyajua. Likizo nzima alikusimamisha chini ya mti wa mafyulisi, yeye akatandaza aproni hatua ishirini mbele, umtupie. Kila fyulisi lililofika limepondeka ulilila wewe. Tumbo lilikuendesha wiki mbili, kisha mkono ukalainika.

Mwaka wa pili hukucheza. Kocha Pettway alikuweka pembeni mwa uwanja, umpelekee mtupaji wa kwanza ishara. Kupiga tumbo ni pasi fupi ya pembeni. Kushika goti ni kukimbia nao. Kukuna sikio la kushoto ni mpira mrefu. Jumamosi ile tulikuwa mbele kwa pointi mbili na dakika moja imebaki. Tulichotakiwa ni kukimbia nao taratibu, muda uishe. Ukashika goti vizuri kabisa. Kisha inzi akatua sikioni mwako.

Ukajikuna. Mtupaji wetu, mtiifu kama mwanakwaya, akaurusha mbali. Wapinzani wakaudaka, wakakimbia nao hadi mstari wa mwisho, na mechi ikaenda nao.

Kocha alikungoja mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo.

"Lemuel, umewahi kuona inzi akishinda mechi?"

"Hapana, kocha."

"Mimi nimeona leo."

Ishara ya sikio ikafutwa kwenye kitabu cha ishara jioni hiyo hiyo, ikahamia mitaani. Ukipita, watu wanajikuna. Mama wa kantini alijikuna huku anakupakulia kambare wa kukaanga. Kwaya ya kanisani ilijikuna, sauti zote nne. Mimi kaka yako nilijikuna kuliko wote, sikatai. Lakini nilimsikia kocha akimwambia msaidizi wake kwamba mkono wako si tatizo tena. Mtupaji asiyeaminiwa na wenzake ni mlingoti wa bendera tu, na wewe wenzako hawatakuamini. Hilo nilikuficha hadi tulipoota mvi.

Mwaka wa tatu hukubishana na mtu. Ulitufuata mmoja mmoja. Rufus ulimuuliza anapenda mpira umfikie bega gani. Mimi uliniuliza ninaona nini nikiwa nimeinama, nikakujibu ninaona dunia ikiwa imesimama kwa kichwa, ukacheka, kisha ukauliza tena. Ulipewa mechi mbili tu, ukawazawadia wapinzani mipira mitatu. Kila mara ulirudi benchi ukasema kosa ni lako, hata ule mmoja niliokupa vibaya mimi. Nikataka kusimama niseme.

"Kaka, kaa," ukaninong'oneza. "Aliyetupa ni mimi."

Nilikaa. Tangu siku hiyo, aliyetaka kukugusa uwanjani ilibidi kwanza apite juu ya mwili wangu, nao haukuwa mdogo.

Mwaka wa nne mmoja wa watupaji wenzako alihitimu, mwingine akavunjika bega, na kocha akakukabidhi timu kwa uso wa mtu anayempa mtoto kisu. Tulishinda nyingine, tukashindwa nyingine. Ikafika mechi ya mwisho, siku ambayo wanaohitimu huingia uwanjani wameshikana mikono na wazazi wao. Mama alivaa kofia yake ya bluu ya kanisani, na unyoya wake ukakutekenya sikio. Ukajikuna mbele ya jukwaa zima. Jukwaa zima likajikuna.

"Mbona wote wanajikuna?" Mama akauliza.

"Wananisalimia, Mama."

Nilijua ukishindwa leo, utakufa ukiitwa Inzi.

Sekunde kumi na moja zilibaki, tuko nyuma kwa pointi tatu. Kocha akapiga tumbo: pasi fupi ya pembeni, kisha tupige teke la pointi tatu, tutoke sare. Lakini wapinzani walishazisoma ishara zetu tangu mapumziko. Tumbo lilipopigwa, wote wakasogea pembeni wakingoja, na nyuma yao kukawa peupe. Bendi inapiga, watu wanapiga kelele, hata mimi niliye hatua tano mbele yako nisingekusikia. Nilikuwa nimeinama, nakutazama kupitia katikati ya miguu yangu, kichwa chako chini, miguu juu. Ukanyoosha mkono wa kushoto. Ukajikuna sikio.

Hakuna aliyecheka, Lemuel. Sisi kumi tulikuona, na hakuna aliyecheka. Nikakupa mpira, Rufus akakimbia bila kugeuka, nawe ukautupa mbali, laini, kama unamtupia Mama fyulisi. Ulishuka kwenye bega lake la kulia, lile alilolipenda. Rufus akavuka mstari peke yake: pointi sita, mechi ikawa yetu.

Kocha alikujia mbio. "Nani alikupa ruhusa?"

"Inzi, kocha."

Kiharusi kilipokunyang'anya maneno na mkono wa kulia, tulirudi kwenye kitabu cha zamani. Verlene alijifunza ishara akiwa na miaka sitini: tumbo ni uji, goti ni nikalishe barazani. Sikio hukulitumia hata mara moja, hadi asubuhi ile ya mwisho. Nilikuwa navaa kofia niondoke. Ukanitazama, ukainua mkono wa kushoto polepole, ukajikuna.

Nikataka utani. Nikakwambia mimi ni mtu wa mstari wa mbele, sheria hainiruhusu kudaka. Hukuacha. Verlene akaangaza juu na chini akimtafuta inzi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Inzi hakuwepo.

Mpira mrefu, basi. Nikavua kofia, nikakaa. Safari hii pia sikucheka.

Unakumbukwa na mkeo Verlene. Binti zako Corliss na Nadine. Mjukuu wako Ezra, ambaye bado anatupa kana kwamba mpira unamuunguza, na aproni ya Mama tumeshaitoa sandukuni. Rafiki yako Rufus Gandy na kidole chake kilichopinda. Na mimi kaka yako, Cleotis. Jumapili hii baada ya ibada tutasimama kaburini kwako, kila mmoja atajikuna sikio la kushoto. Wapita njia wakidhani tumevamiwa na inzi, waache wadhani.

Daima tutakukumbuka, Lemuel. Tunakusalimia.