Shangazi Balbina Amesomea Uswisi

Katindiuka,
S.L.P. 318,
Ifakara.
20 Juni, 1999

Mpendwa mdogo wangu Eveline,

U mzima? Baridi ya Uswisi imekuachia vidole vya kuandikia? Sisi hatujambo. Mpunga umeshaingia ndani. Mama analalamikia magoti, lakini kanisani anamtangulia mpiga kengele.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliisoma kwa sauti mbele ya wote. Nilipofika pale unapofuga chembe za saratani na kuzichimbia vijifereji kwenye kioo, vyembamba kushinda unywele, mama alifanya ishara ya msalaba. "Nimemsomesha kwa taabu, leo anafuga ugonjwa!" Shangazi Balbina alicheka hadi khanga ikamdondoka.

Nikaendelea: kwamba zikikuta upenyo mdogo hujibana, hujirefusha, zikapita, na ndivyo zinavyohama kutoka kwenye uvimbe kwenda kwingine mwilini. Shangazi akaacha kucheka. Akaniomba nirudie hapo. Kisha akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, amevaa gauni la Pasaka. "Teofili, toa baiskeli. Nina uvimbe kwenye titi tangu mavuno yaliyopita. Nilidhani umekaa tu, kumbe hao wa Eveline wanatafuta njia!" Niliitoa mbio. Muda wote huo tunakula naye sahani moja, hakusema.

Hospitali daktari alimwambia arudi Alhamisi. Shangazi akagoma. "Mwanangu, hawa wanajibana wanapita, wewe unaniambia Alhamisi?" Daktari akamwuliza amesomea wapi. Akajibu, "Uswisi, kwa barua." Foleni nzima ikaangua kicheko. Akapimwa siku ile ile.

Titi lilitolewa mwezi wa nne. Majibu kutoka Dar es Salaam yamefika juzi: ilikuwa saratani kweli, lakini kwapani haikuwa imefika. Daktari anasema amewahi. Nililia, Eveline, mbele ya manesi. Shangazi ndiye aliyenipa leso.

Siku hizi anafundisha wanawake kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na wawili wameshakwenda kupimwa. Ila ameniagiza nikuulize hao mifugo wako unawalisha nini. Anasema uwape chakula kingi, wanenepe wakwame humo humo mferejini.

Mama na wifi yako Serafina wanakusalimu. Watoto wanasema shikamoo. Mungu aibariki mikono yako, na akurudishe kwetu ukiwa salama.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Teofili