Dawa Kwenye Alizeti

Jumatatu, 3 Machi

Wanakuja Jumamosi! Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima alipigiwa simu asubuhi, akatuita uani kwake, tukasimama wote watano kati ya ng'ombe na makopo ya maziwa. Mama wa kampuni ya utalii analeta wageni kumi na wawili wa majaribio. Wakipenda, tunaingizwa kwenye ratiba yao ya kila wiki. Wasipopenda, basi, turudi kuuza kwa walanguzi kama zamani.

Mwaka mzima tumehangaika na hii njia ya wageni. Peke yangu ningemwita nani? Nani atoke mjini aje kutazama nyanya? Lakini tukiungana mambo yanakuwa mengine. Wanaanza kwa mwenyekiti, wanajaribu kukamua. Wanakuja kwangu, wanachuma nyanya. Wanakatiza shamba la jirani yangu tunayemwita Kimya, la maparachichi. Wanafika kwa wifi yangu kuonja asali, halafu chakula kwa mama mshonaji, maana yeye ana baraza kubwa na choo cha maana. Akitoka mmoja, njia imekatika.

Katibu ni mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Na mdomo, anasema mume wangu.

Tatizo – inzi weupe. Nyanya zimeshambuliwa, na alizeti nilizopanda mpakani ili wageni wapigie picha nazo zinanyong'onyea. Uso nitauweka wapi?

Jumanne, 4 Machi

Nimepulizia dawa. Saa nne asubuhi, jua linawaka, pampu mgongoni, nyanya zote na alizeti zote. Dawa yenyewe inataka siku nne kabla ya kuchuma, kwa hiyo ilikuwa leo au basi tena.

Sikumwambia wifi. Najua! Tulikubaliana kwamba anayetaka kupulizia aseme siku moja kabla, ili wifi afunge mizinga ya nyuki jioni. Na kanuni hiyo aliiandika nani? Mimi. Lakini ningemwambia angenizuia kupulizia alizeti, angesema ningoje maua yaanguke. Na alizeti bila maua nani atazipiga picha?

Mara moja tu. Shamba ni langu.

Alhamisi, 6 Machi

Nyuki wamekufa.

Wifi alikuja nikiwa nafagia. Hakubisha hodi. Alikuwa na karai la nyuki wakavu, nusu karai nzima, akaliweka mezani juu ya kitambaa changu cha kupamba. Mizinga minne kati ya tisa imenyamaza. Mizinga hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto tangu alipoachika, na hakuna siku aliyokuja kwa kaka yake kuomba hata chumvi.

Nikasema pole, wifi. Hayo tu! Mimi, mwenye mdomo!

Akasema aliyewaua ni Kimya. Mwaka juzi Kimya alipulizia bila kutoa taarifa, akakiri, akaomba radhi, yakaisha. Wifi anasema mtu wa namna hiyo harekebishiki. Nilikuwa nimeshika ufagio. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, nikarudi kufagia.

Jioni kikao. Wifi alizungumza akilia, na si mtu wa kulia huyu. Anataka Kimya atolewe kwenye kikundi. Mama mshonaji akamuunga mkono. Mwenyekiti akaomba tungoje wageni wapite. Kimya aliulizwa, akasema hajapulizia kitu tangu mvua zilipokatika. Akasema mara moja tu. Walipoendelea kumshambulia akainuka, akasema kama ni mwongo, basi watu wasipite shambani kwa mwongo. Akaenda kutia kufuli geti lake.

Na mimi katibu nikaandika kwenye daftari la kikundi: "Ilidaiwa kuwa mwenye maparachichi alipulizia dawa na kuua nyuki." Ilidaiwa! Mwandiko wangu mzuri. Nimejichukia.

Ijumaa, 7 Machi

Wamenituma kwa Kimya nikambembeleze afungue geti. Eti mimi ananiheshimu.

Nilimkuta anachambua maparachichi, makubwa huku, madogo kule. Hakunikaribisha kiti. Nikaanza hotuba yangu kuhusu kikundi, umoja, jasho la mwaka mzima, wageni kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, bila kuniangalia:

"Nilikuona Jumanne. Nilikuwa juu ya mti."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kikaoni.

"Niseme nini? Wangeniamini? Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akaendelea kuchambua. Nilirudi kwa njia ya nyuma nisikutane na mtu, kama mwizi.

Nimemwambia mume wangu kila kitu. Anasema nisiseme mpaka wageni waondoke. Dada yake anamjua yeye, akisikia leo atafunga mlango, na kesho wageni wataonja nini? Watu watano watakosa kwa sababu ya mmoja. Nikamwambia na huyo wa sita je, anayebeba mzigo wangu? Akasema hakuna wa sita, Kimya ni mmoja wa watano. Ndiyo, nikamwambia, ni mwenzetu, na bado tunamtwika! Tukanuniana.

Nitasema kesho alfajiri. Nitaenda kwa wifi kabla hajawasha moto.

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda. Nilifika mpaka uani kwake, nikamwona anapanga vikombe vidogo vya asali kwenye sinia, amejifunga kanga mpya, nikageuka.

Saa tatu wageni walifika. Mambo yalikwenda vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Walikamua, walicheka, mmoja alipigwa teke dogo akafurahi kuliko wote. Kwangu walipiga picha kwenye alizeti mpaka nikataka kuzing'oa. Mama wa kampuni alininong'oneza kwamba hajaona wakulima wanaopatana kama sisi.

Sasa wamesimama mbele ya geti la Kimya. Limefungwa. Wageni wanadhani ni sehemu ya maonyesho. Mama wa kampuni anatazama saa. Kimya amekaa kwa ndani, ufunguo mkononi, na amesema neno moja tu mbele ya wote: kumbukumbu za Alhamisi zina kosa, katibu alete daftari asahihishe, yeye afungue.

Mwenyekiti amenitolea macho. Mama mshonaji amesonya. Na wifi – wifi mwenyewe! – amenishika bega, akasema kwa upole:

"Nenda kalete, wifi yangu. Mwandikie anachotaka, sisi tunajua ukweli. Wageni wapite."

Nimekuja mbio. Niko mezani, daftari la kikundi liko wazi hapa, na hili langu pembeni. Naandika humu kwanza kwa sababu kule sijathubutu. Nikisema, wifi anaweza kuondoka na asali yake mbele ya wageni, na mwaka wetu umekwisha. Nikinyamaza, geti halifunguki. Nikiandika tu kwamba si Kimya, wifi atauliza ni nani. Kila upande ni mimi.

Nimeikata ile sentensi. Mstari mmoja, umenyooka. Juu yake nimeandika "Aliyepulizia ni" na kalamu imesimama.

Kuna miguu uani. Ni wifi, namjua kwa kukohoa. Anasema wageni wanachoka, nisijisumbue na mwandiko. Ameingia. Anauliza nimefika wapi, anavuta kiti mbele ya daftari lililo wazi.