Barafu na Mwamba wa Baba

Kismayo, 3 Oktoba 2024

Kwa Shangazi yangu Mwanalima,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na Ami Fuadi naye hajambo. Mimi huku ni mzima, ila usingizi umepungua kwa sababu ya jambo jema.

Shangazi, nimefungua kampuni. Usicheke. Ni kampuni changa ya watu wawili, mimi na Sabah, na tumepewa meza kwenye kituo cha ubunifu hapa mjini. Vijana wenye mawazo ya biashara hukaa hapo pamoja, umeme na mtandao bure. Upande mmoja yuko Wafaa na taa zake za jua, upande wa pili Mahmudi anayetaka kuwaunganisha wenye pikipiki na wenye maduka. Kutwa tunakosoana, na ni raha tupu.

Kampuni yetu inaitwa Barafu. Shida unaijua: boti ya barafu hutoka hapa kwa kubahatisha. Ikifika visiwani, ama wavuvi hawajarudi, ama samaki wameshaoza. Sasa nahodha atakwenda baharini na simu yenye programu yetu. Simu inajiandikia yenyewe chombo kilipokwenda, na akirudi pwani anabonyeza alichopata. Sisi tukiona hayo, boti itatoka kwa wakati wake.

Nahodha Mukhtar anayekuletea barua hii anayo simu moja. Namwomba Ami Fuadi awe mvuvi wetu wa kwanza.

Mwanao,
Thuraya


Chula, 10 Oktoba 2024

Mwanangu Thuraya,

Wa alaikum salaam. Sisi tu wazima. Goti linauma vilevile, na linazidi nikisoma mambo nisiyoyaelewa. Fuadi hajambo, anaigeuzageuza simu yako kama anatafuta mahali pa kutia mafuta.

Sikucheka. Ila nieleze. Meza bure, umeme bure, na chai pia bure bila shaka. Anayevitoa anataka nini? Na huyo Sabah ni mtoto wa nani? Mukhtar aniambia alilelewa ng'ambo, amerudi mwaka jana na mama yake, na lugha yetu anaisikia lakini haisemi. Yeye ndiye anayekuandikia hiyo programu, nawe kwao hupajui.

Halafu simu yenye kuandika chombo kilipokwenda! Thuraya, wewe ni wa hapa. Mwamba ule tunapovua aliupata babu yako akamwonyesha baba yako, na baba yako alipojua hatainuka kitandani alinipa mimi alama zake, maana hakuzaa mtoto wa kiume. Nami nilimpeleka Fuadi mume wangu, basi. Alama mbili za nchi kavu unazipanga moja nyuma ya nyingine, na mbili za upande wa pili, hapo ndipo penyewe. Watu wawili tu duniani tunazijua. Nyumba hii inakula hapo, na masomo yako yametoka hapo.

Lakini usije ukasema nimekuzibia riziki. Simu itakwenda baharini, nimesema.

Shangazi yako,
Mwanalima


Kismayo, 9 Novemba 2024

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na dawa ya kuchua goti iko ndani ya bahasha ya Mukhtar. Mimi mzima, tena nina furaha.

Ami Fuadi ametutoa kimasomaso. Kila safari anabonyeza kamba wa mawe na chewa mpaka nukta yake nyekundu kwenye ramani imenenepa kuliko zote. Boti ya barafu imefika Chula kwa wakati mara sita mfululizo. Tarehe ishirini kampuni nne za kituoni zitajieleza mbele ya wawekezaji, na Barafu imo.

Kuhusu Sabah, nilitaka kukuandikia kwamba humjui na usimseme. Ni mkimya, anafanya kazi bila kuchoka, na chai yake hunipa nusu. Lakini tangu barua yako ije nimeanza kumtazama. Mara mbili nimeingia, akaifunga kompyuta upesi. Nikamuuliza ni nini, akasema si kitu. Umenitia neno moyoni, Shangazi, na sasa halitoki.

Mwanao,
Thuraya


Chula, 16 Novemba 2024

Mwanangu,

Nimezipata salamu na dawa. Dawa inanuka lakini inafaa.

Kama si kitu, angeifunga kwa nini? Nani mwingine awezaye kuiona safari ya simu? Mkiwa wawili, basi mmoja ni wewe. Mtazame. Kama kuna funguo zenu humo ndani, zibadilishe kabla hujajuta.

Shangazi yako,
Mwanalima


Kismayo, 5 Desemba 2024

Kwa Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, moyo sijui.

Tarehe ishirini tulishika nafasi ya pili. Niliionyesha ramani ukutani, nikaeleza, watu wakasimama kupiga makofi na kupiga picha. Nilirudi nyumbani nikikuwaza wewe na marehemu baba.

Jana nilikwenda bandarini kuulizia barafu, nikakuta boti inapakia mitungi ya kupigia mbizi. Nikauliza wanakwenda wapi. Mmoja akajibu kwa Kisomali kwamba wanakwenda karibu na Chula, kuna mahali kamba wamejaa. Shangazi, hata barafu sikuiulizia tena. Mahali penyewe sikumtajia mtu, na wenye kuingia kwenye programu ni wawili tu.

Nilikwenda mbio kituoni, nikamuuliza Sabah mbele ya wote amewauzia kiasi gani. Wafaa alinishika mkono ninyamaze, nikautoa. Sabah hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Hivyo ndivyo unavyonijua?" Akachukua mkoba wake, na leo hakuja. Nimebadilisha funguo zote za programu kama ulivyosema.

Ulikuwa na haki toka mwanzo. Mwamba wa baba nimeupoteza mimi, kwa kumwamini mtu. Nisamehe.

Thuraya


Chula, 13 Desemba 2024

Thuraya,

Salaam. Tu wazima sote. Tafuta pa kukaa kabla hujaendelea kusoma.

Simu yako haijauona mwamba hata siku moja. Siku ileile ilipofika nilimpa Mzee Taha, yule anayevua chambo upande wa pili wa kisiwa, palipo mchanga mtupu. Kila Fuadi akienda mwambani, Taha naye hutoka na simu mfukoni. Fuadi akirudi na samaki wake ndipo anaichukua na kubonyeza. Kwa hiyo ile nukta yako iliyonenepa ni Taha na chambo chake.

Hao wapiga mbizi walikuja. Wanaume watano na mitungi yao walishinda mchangani kutwa, wakatoka na chaza mmoja na mchanga masikioni. Taha alikaa kwenye chombo chake akiwatazama, mwisho akawahurumia. Akawaambia kwa lafudhi yake ya kisiwani, "Hapa hapana mchu aliyepata kamba tangu nizaliwe."

Mmoja akakasirika, akatoa simu amwonyeshe kwamba hawakuja kwa kubuni. Ilikuwa picha ya ukuta, na ukutani ramani, na kwenye ramani kidole cha mwanamke kimeigusa nukta nyekundu. Kidole kina pete ya fedha yenye jiwe lililopasuka. Taha anaijua pete hiyo. Yeye ndiye aliyeinunua Mombasa, alipotumwa na baba yako kwa ajili ya mama yako.

Sabah hakuuza kitu. Wewe mwenyewe uliwaonyesha, na watu wote wakapiga makofi.

Mwanalima


Chula, 18 Januari 2025

Mwanangu Thuraya,

Sijui u mzima au mgonjwa, na hilo ndilo linaloniuma. Mukhtar amekuja mara tatu hana barua. Namuuliza amekuona, anasema amekuona kwa mbali.

Barua yangu ile niliiandika nikiwa nimefurahi kwamba mtego wangu umenasa. Sasa naona haya. Sabah nilimshuku kabla sijamwona, nikakupa shaka hiyo nawe ukaitumia. Na wewe pia nilikushuku, mtoto niliyekusuka nywele. Ningekwambia mapema kwamba simu iko mchangani, usingemfukuza mtu. Nilinyamaza ili nikupime. Hilo kosa ni langu, sikugawii.

Kuna jambo jingine nililokuficha. Nilikuandikia kwamba baba yako alinipa mimi zile alama. Hakunipa mimi, aliniwekea amana yako. Maneno yake yalikuwa haya: "Mpe Thuraya akishajua kunyamaza." Miaka tisa nimengoja ujue kunyamaza. Sasa umenyamaza wiki tano, na sipendi hata kidogo.

Alama haziandikwi kwenye barua. Zinaonyeshwa chomboni, jua likiwa juu, Fuadi akishika usukani. Njoo, na simu iache huko.

Shangazi yako, kama bado wanitaka,
Mwanalima


Kismayo, 27 Januari 2025

Kwa Shangazi yangu Mwanalima,

Assalamu alaikum. Ni mzima, wala sijaacha kukutaka. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na mlango wa kubisha kwanza.

Nilikwenda kwao Sabah mara mbili, mama yake akaniambia amelala, mchana kweupe. Mara ya tatu alifungua mwenyewe. Nilimwomba radhi hapo mlangoni, na siku ya pili nikamwomba tena kituoni mbele ya walewale, nikawaeleza habari ya pete. Mahmudi alicheka, Wafaa akamwambia anyamaze.

Unajua alichokuwa akifunga kwenye kompyuta? Ramani nyingine. Alikuwa akiichora bila nukta, bahari imegawanywa miraba mikubwa, mtu asijue chombo kilisimama wapi. Alikwisha kuniambia tusionyeshe nukta za kweli, nikamjibu kwamba nukta zinapendeza. Akaona haya kunibishia tena, akaifanya kimyakimya, na siku ya wawekezaji alinipa ramani zote mbili. Mimi nikachagua ile ya nukta.

Sasa programu yetu inatoa saa ya kurudi tu, mahali haipaandiki. Wawekezaji wawili hawapendi hivyo, nasi tumewaambia basi.

Mukhtar anatoka Jumatano, nami nimo. Simu yangu nimemwachia Sabah, pamoja na funguo zote za kampuni. Aliniuliza nitarudi lini, nikamwambia sijui. Hakuniuliza nakwenda kuonyeshwa nini.

Mwanao,
Thuraya