Orodha Iliyokwama kwenye Waya

Papa Mukalayi,

Tangu tukuzike zimepita wiki sita. Simu za mji zinazidi kufa mtaa kwa mtaa, na waliokimbia vita kaskazini wamejaa hata kwenye ukumbi wa parokia. Ofisini kwetu, tunakowatafuta waliopotezana, nimebaki mimi na modemu yako, kile kisanduku cha kupitisha barua za kompyuta kwenye waya wa simu.

Unaikumbuka ile orodha ya watoto waliovuka kuingia Zambia bila wazazi. Sista wa kule aliituma mara tisa. Salamu zake fupi zilifika. Orodha ilianza, ikakwama, laini ikakatika. Mama Ngoie alikuja kila asubuhi kutoka mtaa wa Hewa Bora kumuulizia mwanawe Kabwe. "Bado, mama." Nilishindwa kumtazama usoni.

Jumanne nililia juu ya kibodi. Kisha nikasikia maneno yako ya siku ile, uko juu ya nguzo ya simu mtaani Bel-Air, ukitengeneza waya: "Laini haiyakufa, Béa. Imechoka tu. Anza na kidogo, uone fasi inakwama, ni wapi."

Nikaanza na kidogo. Mistari mitano ikapita. Kumi ikapita. Arobaini, kimya. Kumbe shida ilikuwa ukubwa! Kompyuta hukata barua vipande kabla ya kuituma, na vyetu vilikuwa vikubwa, herufi elfu moja na mia tano. Waya ukikwaruza mara moja tu, kipande kizima kinaharibika; kinatumwa upya, kinaharibika tena. Nikapunguza hadi mia mbili tisini na sita. Nikamwandikia Sista, kwa mistari mitatu, afanye vilevile upande wake.

Papa, orodha ikashuka! Jina, halafu jina, halafu jina. Nilisimama kama niko kanisani. Waya ule ule uliooza, uliofungwa kwa vitambaa, na watoto wa watu wanapita ndani yake wazima, kila mmoja na jina la mama yake. Laiti ungeona.

Kabwe, miaka saba, mama: Ngoie.

Mama Ngoie hajui kusoma. Aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Njo huyu?" Ndiye, mama. "Soma tena." Nilisoma mara nne.

Jumatatu ninamsindikiza hadi mpakani. Na wewe nakuahidi: majina yaliyobaki nitayasoma kwa sauti ukumbini kila siku, mpaka kila moja lipate mtu wa kuliitikia.

Lala salama, Papa.

Béa wako